Viatu vya Baba



Nimeombwa kuandika tafakari ya mwezi huu juu ya amri ya nne, ile inayotutaka tuwaheshimu baba na mama. Ningeweza kuwaeleza mafundisho ya Kanisa kuhusu amri hiyo, na pengine ndivyo ilivyotarajiwa. Lakini kwa miaka mingi niliifundisha katika katekesi huku nikiwa nimeivunja mimi mwenyewe, na kosa langu nilikuwa sijalitengeneza. Kwa hiyo naona si haki kuieleza tena kabla sijawasimulia habari ya viatu vya baba yangu.

Baba ni fundi wa chukudu. Ninyi mnaoishi Goma hamhitaji kuelezwa chukudu ni nini: tunaamka kwa kelele za magurudumu yake yakishuka na magunia ya makala na viazi kutoka milimani, na mji umeisimamishia sanamu katika mzunguko wa barabara. Kwa kazi hiyo ya mbao alitulisha na kutusomesha. Lakini Jumapili alasiri, baada ya Misa na chakula, Baba hakuwa fundi. Alikuwa beki wa kulia. Hakuwahi kuchezea Dauphins Noirs wala Virunga, timu ambazo mji mzima unazijua. Alichezea timu ya mtaa, bila mshahara, na watazamaji wake walikuwa majirani waliosimama kando ya kiwanja. Hata hivyo, katika mtaa wetu jina lake lilitajwa kwa heshima, kwa sababu mshambuliaji aliyepita upande wake alikuwa ameufanyia kazi upenyo huo.

Alikuwa na jozi moja ya viatu vya mpira, vyeusi, vya ngozi. Alivinunua vikiwa vimekwisha kuvaliwa na mwingine. Kisigino cha kushoto kilipochanika, alikata kipande cha mpira wa tairi, kile kile anachofungia magurudumu ya chukudu, akakishona kwa uzi mnene. Kila Jumamosi usiku alivisafisha na kuvipaka dawa, kisha akavitundika kwenye msumari juu ya meza yake ya kazi.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, mlima Nyiragongo ulipasuka na moto ukashuka hadi mjini. Nilikuwa na umri wa miaka 11. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, lakini mmesikia wazazi wakisimulia: mto wa mawe yaliyoyeyuka ulikata mji katikati, ukaingia mpaka ziwani. Mama alimbeba mdogo wetu mgongoni na sufuria ya maharagwe kichwani. Baba alitia msumeno, randa na nyundo katika gunia. Kisha akarudi ndani mbio, akatoka na viatu vyake vya mpira vikining'inia shingoni kwa kamba zake.

Tulipokuwa njiani kuelekea Gisenyi, Mama alimwona, akasimama. “Baba watoto,” akamwambia, “mablanketi umeyaacha, viatu vya mpira umevibeba?”

Baba akajibu, “Blanketi tutapewa na watu wa huruma. Hivi hakuna atakayetupa.”

Mama hakusema neno tena, lakini usiku ule, tulipolala nje katika baridi, sikumwona akicheka. Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa chini ya jiwe. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilikuwa limeungua pia, na Mama, ambaye alifungia ndoa yake mle, alilia kwa ajili ya kanisa kabla ya kulia kwa ajili ya nyumba. Baba alifungua gunia lake, akaanza kutengeneza chukudu za kubebea mbao, kwa kuwa mji mzima ulihitaji kujengwa upya. Baada ya miezi michache, vijana wa mtaa walichukua nyundo na mitarimbo wakaanza kusawazisha mawe meusi ili wapate kiwanja. Baba alikuwa wa kwanza kufika na nyundo yake. Siku ya mechi ya kwanza juu ya mawe yale, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na viatu.

Mwaka 2005 goti lake lilikataa. Siku hiyo hiyo aliporudi nyumbani akichechemea, aliniita, akaniambia nivue kandambili. Akaweka mguu wake karibu na wangu. Ilikuwa sawa. Alivichukua viatu kwenye msumari, akavitia mikononi mwangu, akasema, “Sasa ni zamu yako.” Akanipa na somo moja la kazi ile: beki anayetazama miguu ya mshambuliaji atadanganywa, kwa hiyo nitazame mpira.

Ndugu vijana, natamani ningeweza kuwaambia kwamba nilikuwa mchezaji. Nilijitahidi miaka mitatu. Nilikuwa mzito, nilichelewa kugeuka, na ingawa nilitazama mpira kama nilivyofundishwa, mpira ulipita. Baba alikuja kila Jumapili, akasimama mahali pale pale karibu na kona. Hakunikemea hata mara moja. Lakini watu waliniita kwa jina lake: mtoto wa fulani amepata mpira, mtoto wa fulani amepoteza mpira. Niliona kwamba kila kosa langu lilipunguza kitu katika jina ambalo sikulijenga mimi.

Jumapili moja ya mwaka 2008 nilitolewa kabla ya mapumziko. Nikiwa natoka, mtu mmoja kando ya kiwanja akasema kwa sauti, “Viatu ni vya baba. Na miguu je?” Watu wakacheka. Sikuthubutu kutazama upande wa kona.

Wiki iliyofuata nilivipeleka viatu Birere, nikaviuza. Pesa zake zilitosha kununua bia mbili na kuweka kidogo kwenye simu. Jioni nilimwambia Baba kwamba vijana nisiowajua walininyang'anya njiani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa na majibu ya maswali yote: wapi, saa ngapi, walikuwa wangapi. Baba aliuliza swali moja tu. “Hawakukupiga?”

Nikasema, “Hapana, Baba.”

“Basi Mungu asifiwe,” akasema, akarudi kwenye mbao zake.

Sikucheza tena. Baba aliendelea kwenda kiwanjani kila Jumapili kama kawaida, akichechemea, na mimi nilidhani anakwenda kuomboleza. Kila alipotoka nyumbani, niliinama juu ya vitabu vyangu ili nisimwone.

Miaka kumi ikapita hivyo. Nilioa, nikawa katekista, nikapewa kusaidia kikundi cha vijana cha parokia. Mwaka 2018, wakati wa Kombe la Dunia huko Urusi, vijana walikuwa wakizungumza habari za Romelu Lukaku, mshambuliaji wa Ubelgiji. Wengi walimpenda kwa sababu wazazi wake wote wawili ni Wakongomani, na walikuwa wakibishana kama mabao yake manne katika mashindano yale tuyahesabu kuwa yetu. Kijana mmoja alikuwa amepata katika simu yake maelezo marefu ambayo Lukaku alikuwa ameyatoa mwezi huo wa Juni juu ya utoto wake, katika The Players' Tribune. Yalikuwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Aliomba atusomee na kututafsiria, nami nikakubali, nikifikiri kwamba tutapata somo la bidii.

Habari yenyewe ni hii, kwa ufupi. Baba yake, Roger Lukaku, alikuwa mchezaji wa kulipwa, na alivaa jezi ya taifa letu wakati likiitwa Zaire. Lakini mwisho wa uchezaji wake fedha zilikwisha. Siku moja, Romelu akiwa na umri wa miaka sita, alirudi kutoka shule kula chakula cha mchana, akamwona mama yake akichanganya maziwa na maji ili yafike mwisho wa wiki. Mama hakusema lolote, mtoto alielewa. Kulikuwa na majuma nyumba haikuwa na umeme, na siku mkate ulipatikana kwa mkopo. Mtoto yule alimwuliza baba yake alianza kucheza kwa malipo akiwa na umri gani. Aliposikia ni miaka kumi na sita, akaweka moyoni kwamba naye itakuwa hivyo hivyo. Na kweli, tarehe 24 Mei 2009, siku kumi na moja tu baada ya kutimiza miaka 16, aliingia uwanjani akiwa na jezi ya Anderlecht, katika mechi ya kuamua ubingwa wa Ubelgiji dhidi ya Standard Liège. Timu yake ilifungwa 1–0, lakini ahadi ya mtoto ilikuwa imetimia.

Vijana walisikiliza kimya. Kisha msomaji akafika mahali ambapo Lukaku anasema kwamba alipokuwa na umri wa miaka 12 alifunga mabao 76 katika mechi 34, na yote aliyafunga akiwa amevaa viatu vya baba yake. Miguu yao ilipolingana, walikuwa wakivitumia kwa zamu.

Nilisimama, nikasema nakwenda kuona kama mvua imeanza. Mvua haikuwepo. Nilisimama nje ya ukumbi wa parokia, mikono ikitetemeka, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, katekista, nikilia kwa sababu ya jozi ya viatu.

Niliporudi ndani walikuwa wamefika sehemu ya babu. Lukaku alikuwa na babu, baba wa mama yake, aliyekuwa kwake kama kamba ya kumfunga na Kongo. Siku moja katika simu, mjukuu akijisifu kwa maendeleo yake ya mpira, babu alimwomba jambo moja tu: amtunzie binti yake. Mtoto hakuelewa kwa nini anaombwa hivyo, akaahidi. Siku tano baadaye babu alifariki. Lukaku anasema alitamani babu yake angeishi walau miaka minne zaidi, aone kwamba ahadi ilitunzwa.

Siku chache baadaye nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza, akanipa maondoleo, kisha akanishauri kwa upole: “Mungu amekusamehe. Lakini baba yako bado anaishi na uongo wako. Nenda ukamwambie.” Nilikubali. Nikaenda nyumbani kwa Baba, tukazungumza habari za bei ya mbao, nikaondoka. Nilifanya hivyo mara nyingi. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu ukaanza. Tulidai kwamba tunaogopa kuwaumiza wazazi. Mara nyingi, wapendwa, tunaogopa kuwa wadogo mbele yao.

Usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka tena. Safari hii moto ulisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka kwa siku kadhaa, nyumba zikapasuka, na tarehe 27 viongozi waliamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Barabara ya Sake ilijaa watu kama maji. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 25, na goti la Baba halingeweza hata tano. Tukamkalisha juu ya chukudu, moja ya zile alizozitengeneza mwenyewe, godoro dogo likiwa chini yake. Mimi nikasukuma.

Tulipofika Mugunga tulipumzika. Baba alitazama miguu yake, iliyokuwa katika kandambili, imejaa vumbi. Akasema kana kwamba anajisemea, “Mara ile nilibeba viatu.”

Nilijua kwamba kama sitasema pale, sitasema kamwe. Nikamwambia yote: kicheko cha watu, Birere, bia mbili, uongo. Nilisema nikiwa nimetazama gurudumu la chukudu, kwa kuwa uso wake sikuuweza.

Baba alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, “Najua, mwanangu. Niliviona Jumapili ya pili yake.”

Nikainua uso.

“Vilikuja kiwanjani katika miguu ya kijana wa timu ya wageni. Nilikitambua kipande cha tairi. Uzi ule ninaushona mimi peke yangu mjini huu. Nikamwuliza alivipata wapi, akaniambia amenunua Birere, kwa kijana mrefu mwenye kovu kwenye kidevu.” Alinyoosha kidole, akagusa kidevu changu.

“Kwa nini hukuniambia, Baba?”

“Ningekuambia nini? Mwenye neno la kusema ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa nangoja.”

Kisha akanisimulia jambo ambalo sikulijua. Kijana yule hakuwa na baba. Alikuwa na mbio, lakini hakujua kusimama mahali pake. Baba alimwambia akae baada ya mechi. Akamfundisha: usitazame miguu, tazama mpira. Jumapili iliyofuata tena, na iliyofuata. Alimfundisha mpaka viatu vile vilipokwisha kabisa, na baada ya hapo wakaja wengine. Zile Jumapili zote nilizoinama juu ya vitabu nikidhani Baba anakwenda kuomboleza, alikuwa anakwenda kufundisha watoto wa watu.

“Alikuwa beki mzuri,” akamalizia. “Mzuri kuliko wewe.” Akaanza kucheka, na mimi nikacheka huku machozi yakinitoka, na watu waliopita na magodoro yao wakatutazama kama wendawazimu. Kisha akaupiga ubao wa chukudu kwa kiganja. “Twende, giza linaingia.”

Nimeitafakari siku ile mara nyingi, nami napenda kuwashirikisha mambo mawili niliyoyaona.

La kwanza ni juu ya neno lenyewe, kufuata nyayo. Sisi tunadhani kumfuata mzazi ni kuvaa alichovaa na kushangiliwa aliposhangiliwa. Wako wanaojaliwa hivyo, na ni neema. Romelu alifuata, na mdogo wake Jordan pia akawa mchezaji wa kulipwa. Ryan Mutombo alijiunga mwaka 2021 na chuo kikuu cha Wayesuiti cha Georgetown, kucheza mpira wa kikapu pale pale alipochezea baba yake, Dikembe, miaka thelathini nyuma. Lakini tazameni huyo Dikembe mwenyewe, aliyetutoka tarehe 30 Septemba 2024. Alikwenda Marekani akiwa na nia ya kuwa daktari, mchezo ukamchukua. Mama yake, Biamba Marie, alifariki Kinshasa katika miaka ya vita kwa kuwa hakuweza kufikishwa hospitalini. Mwana ambaye hakuwa daktari alijenga hospitali mjini Kinshasa, akaipa jina la mama yake. Hakuna aliyeiona njia hiyo alipokuwa kijana. Kilichomfikisha ni upendo wa mwana kwa mama, na mchezo ulimpa uwezo wa kuutimiza.

Vivyo hivyo maneno ya yule babu. Hakumwomba mjukuu wake mabao. Alimwomba amtunze mtu. Viatu vya baba vilimsaidia Romelu kukimbia, lakini alijua anakimbia kwa ajili ya nani tangu siku ile alipoona maziwa yakichanganywa na maji. Katika Injili, wana wa Zebedayo waliacha chombo na baba yao, wakamfuata Bwana. Kwa macho ya watu wa kijijini walimtupa baba. Lakini Bwana aliwaambia wavuvi wale wa ziwani kwamba atawafanya wavuvi wa watu. Kazi waliyofundishwa na mzazi ilipandishwa daraja. Nami naamini walizitengeneza jumuiya za kwanza kwa uvumilivu ule ule waliojifunza wakitengeneza nyavu karibu na Zebedayo.

Mimi nilidhani urithi wangu ulikuwa viatu, nikaona sivitoshi, nikaviuza. Kumbe urithi ulikuwa ule wa kusimama karibu na kona kila Jumapili, kwa ajili ya mtoto wako na kwa ajili ya mtoto wa mwingine. Huo hauhitaji mbio. Hata mwenye miguu mizito anauweza.

La pili ni juu ya ukweli. Baba alinisamehe siku kumi na nne baada ya kosa. Mimi nilipokea msamaha baada ya miaka kumi na mitatu. Kwa miaka yote hiyo msamaha ulikuwepo, umekaa kwenye benchi kando ya kiwanja, unaningoja. Nilichopoteza si viatu. Nilipoteza miaka kumi na mitatu ya Jumapili ambazo ningeweza kusimama pembeni mwa baba yangu. Yule baba wa mfano katika Injili alimwona mwanawe akiwa bado mbali. Alimwona kwa sababu alikuwa akitazama njia. Wazazi wetu wengi wanajua zaidi ya tunavyodhani. Wanatazama njia, na hawasemi.

Najua vilevile kwamba baadhi yenu hamna tena mzazi wa kumwendea. Wako ambao baba aliondoka asubuhi hakurudi, na wako waliotengana na mama katika mbio za Januari 2025, vita ilipoingia mjini. Kwenu sisemi kwa wepesi. Nasema tu kwamba kijana yule aliyenunua viatu Birere hakuwa na baba, na Mungu alimtuma mzee mmoja mwenye goti bovu. Na neno ambalo hukuwahi kulisema kwa mzazi, lipeleke mbele ya Altare. Misa inawafikia nao.

Tangu mwaka ule wa 2021 nimekuwa nikishika filimbi katika michezo ya watoto wa parokia. Refa hahitaji kuwa na mbio nyingi, na hakuna anayemwita kwa jina la baba yake. Wanamwita kwa majina mengine ambayo hayafai kuandikwa hapa. Vita ilipofika, kiwanja kilinyamaza kwa majuma kadhaa. Siku watoto waliporudi, wengine hawakuonekana, na hatukuuliza kwa sauti. Tulisali kwanza, kisha nikapuliza filimbi.

Baba bado yu hai. Fimbo imekuwa mguu wake wa tatu. Anakuja, anasimama karibu na kona, na kipindi cha pili kikianza humsikia akimwambia mtoto fulani wa watu: tazama mpira. Nami huchelewesha kidogo kupuliza filimbi, ili mtoto apate kusikia.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni kitu gani nilichopokea kutoka kwa baba, mama au mlezi wangu, ambacho hakionekani kwa macho?

2. Je, liko neno ambalo mzazi au mlezi wangu analingoja kutoka kwangu? Ni nini kinanizuia kulisema juma hili?

3. Katika mtaa wetu, ni mtoto gani asiye na mtu wa kusimama kando ya kiwanja kwa ajili yake? Kikundi chetu kinaweza kumfanyia nini?

Mtakatifu Yosefu, uliyemlea Mwana ambaye hakuwa wa damu yako na ukamfundisha kazi ya mikono yako, utuombee.